Somo la kumi la mkimbiaji wa Arusha: uchambuzi wa kisa kimoja

Januari 2025, wiki ya matokeo ya upimaji wa Kidato cha Pili, sekondari moja ya kutwa nje kidogo ya jiji la Arusha, kwenye barabara iendayo Moshi, iliwaita wazazi waje wachague pamoja na watoto wao masomo ya Kidato cha Tatu. Kwenye fomu ya mwaka huo palikuwa na somo jipya la hiari, Elimu ya Michezo, ambalo wanafunzi huliita PE tu. Kisa ninachokieleza ni cha binti wa miaka 16. Walimu watatu walimtaka alichukue somo hilo, kila mmoja kwa sababu yake, na mama yake akakataa. Majina ya wahusika na ya shule nimeyaacha. Binti na mama wamesoma maelezo haya na wameridhia. Mimi nafundisha Bailojia shuleni hapo na nilikuwamo kwenye kikao.

Binti ni mkimbiaji wa mita 1,500 na 3,000. Mwaka 2024 alichaguliwa timu ya mkoa ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, akiwa anakimbia na raba za kuazima. Darasani alikuwa na B ya Bailojia na ya Kiswahili, C ya Kemia, D ya Fizikia na ya Hisabati. Kwenye nafasi ya kazi anayoitamani aliandika fiziotherapia. Bibi yake alipata kiharusi, akatibiwa hospitali ya KCMC kule Moshi, na mjukuu huyu ndiye aliyekuwa akimsindikiza kliniki ya mazoezi tiba hadi bibi akaweza tena kushika kikombe kwa mkono wa kulia. Alikuwa anajua anachokitaka.

Mwalimu wa michezo alitaka achukue PE na aache Fizikia na Kemia, apate jioni zake za mazoezi. Mwalimu wa taaluma alitaka achukue PE kwa ajili ya pointi: zile D zitamwangusha, alisema, na kwa mtoto mwenye mbio kama hizi PE ni B ya bure. Mkuu wa shule alihitaji idadi, maana somo lenye wanafunzi sita halipewi mwalimu wala vipindi. Mama, ambaye huuza ndizi soko la Tengeru, aliwasikiliza wote mpaka mwisho. Kisha akasema, "Walimu wangu, mbio za mwanangu nazipenda. Ila nipeni somo litakalomlisha siku mguu ukikataa."

Siku ile hakujibiwa. Alistahili jibu lenye hesabu, na hesabu yenyewe inapatikana.

Hesabu ya masomo

Kwa mtaala ambao darasa lile linaufuata, masomo saba ni ya lazima: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Bailojia na Hisabati. Fizikia, Kemia, PE na mengine huongezwa juu ya hayo. Daraja la mtihani wa Kidato cha Nne hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, na jumla ya 7 hadi 17 ndiyo daraja la kwanza. Maana yake ni kwamba somo la nane, la tisa au la kumi haliwezi kumshusha mwanafunzi kwa pointi. Akiwa na masomo saba mazuri kuliko Fizikia, Fizikia inabaki nje ya jumla. Kwa hiyo hoja ya kuacha sayansi ili kuokoa pointi haikuwa na mguu wa kusimamia. Kinachopotea kwa kuongeza somo ni muda na nguvu, na hilo ndilo lilipaswa kujadiliwa.

Sasa tazama anakotaka kwenda. Shahada ya fiziotherapia inayotolewa Moshi huingiwa na waliosoma Fizikia, Kemia na Bailojia Kidato cha Sita. Ili apangiwe PCB, yaani tahasusi (mchanganyiko) ya masomo hayo matatu, anahitaji kuyafaulu vizuri Kidato cha Nne. Njia ya stashahada, ambayo mtu huianza baada ya Kidato cha Nne, nayo inadai ufaulu katika masomo hayohayo. Elimu ya Michezo haimo kwenye orodha yoyote kati ya hizo mbili, ingawa inafundisha misuli, mifupa na majeraha. Hili liliwashangaza walimu wenzangu, na lilimshangaza hata binti, aliyekuwa ameambiwa kwamba PE ndiyo mwanzo wa fiziotherapia.

Wala sisemi kwamba PE haina mwelekeo. Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 za Kidato cha Tano juu ya 16 zilizokuwapo, zikawa 65, na michezo ikapata kundi lake yenyewe. Mtaala mpya, unaotekelezwa kwa awamu tangu 2024, una mkondo wa amali ambamo michezo ni mojawapo ya fani. Kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, mkoani Mwanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo inayotoa shahada. Kijana anayetaka kuwa mwalimu wa michezo, kocha, mwamuzi au meneja wa klabu ana sababu nzito ya kuchukua somo hili tangu Kidato cha Tatu, na ningemtetea mbele ya mzazi yeyote.

Ila uzito wa makosa mawili haulingani. Mwenye PCB bado anaweza kusomea ukocha, na hakuna anayemzuia kukimbia. Aliyeacha Fizikia Kidato cha Tatu haingii darasa la fiziotherapia mpaka arudi kuifanya upya kama mtahiniwa wa kujitegemea, akiwa na miaka ishirini na kitu, akijilipia mwenyewe. Baadaye nilipendekeza abaki na sayansi zote mbili na PE iwe somo la kumi, kwa sharti kwamba ifundishwe kweli na isiwe jina jingine la mazoezi ya timu. Mama aliuliza gharama, akaambiwa bukta, raba na daftari moja. Akasaini.

Masika

Ningekuwa nimeandika kuhusu kuchagua masomo peke yake, kisa kingeishia hapo. Kilichotokea Machi na Aprili ndicho kilichonifanya niandike.

Binti alianza kubaki nyuma kwenye mbio ambazo mwaka uliopita alizishinda kwa tabasamu. Alilalamika maumivu kwenye ugoko wa mguu wa kushoto, mahali pamoja, yanayozidi akikanyaga kwa nguvu. Mwalimu wa michezo akamwambia apake dawa ya kuchua. Alisinzia kipindi cha kwanza. Kisha ikajulikana kwamba hajapata hedhi kwa miezi minne, na hapo shule ikaamka, kwa sababu isiyo sahihi. Mwalimu wa malezi alimpeleka kupimwa mimba. Majibu yalionyesha hana. Minong'ono haikukoma, kwa kuwa wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba msichana anayekosa hedhi ana jibu moja tu. Kwa siku kadhaa hakuja shule. Mama alikuja peke yake, akakaa ofisini kwangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kama hana mimba, basi ana nini?"

Niliwaomba waende hospitali, na nikaomba ruhusa ya kwenda nao. Daktari alimsikiliza, akapima damu, akapiga eksirei ya mguu, kisha akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu shuleni aliyeliuliza: unakula nini, na saa ngapi?

Asubuhi chai ya rangi. Saa nane mchana makande ya shule, iwapo mchango wa chakula umelipwa. Usiku ugali na mboga, na chai tena. Katikati ya hayo, kilomita 4 kwa miguu kwenda shule, 4 za kurudi, na karibu 10 za mazoezi ya jioni siku tano za wiki.

Nilirudia hesabu hiyo baadaye ubaoni na darasa zima, na ni hesabu ambayo kila mwalimu wa michezo angepaswa kuijua kwa moyo. Mkimbiaji hutumia takribani kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita. Binti ana kilo 45, kwa hiyo kilomita 10 ni kilokalori 450. Kutembea kilomita 8 kwa karibu nusu ya gharama hiyo ni 180 nyingine. Jumla ni zaidi ya 600 kwa siku, juu ya kile ambacho mwili wa msichana anayekua unakihitaji hata akikaa. Kwa unga wa mahindi ni kama gramu 170, chini ya robo kilo. Pengo lake halikuwa kubwa kiasi cha kuishinda familia. Halikuwa limehesabiwa tu.

Mwili usiopata nishati ya kutosha hupunguza shughuli usizoziona. Hedhi husimama, homoni ya estrojeni hushuka, na mifupa, ambayo katika umri huu ndiyo inajijenga kwa miaka yote ijayo, hukosa kinga yake. Ndipo mifupa ya mguu huanza kupata nyufa ndogo kwa kukanyaga tu. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la kitaalamu kuhusu tatizo hili la upungufu wa nishati kwa wanamichezo, wa kike na wa kiume. Eksirei ya binti haikuonyesha ufa, lakini daktari alimzuia kukimbia kwa wiki sita. Damu pia ilikuwa pungufu. Katika hilo hayuko peke yake: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu. Na chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako mkimbiaji anaihitaji damu yake yote.

Nataka niseme waziwazi. Binti huyu alikuwa amesajiliwa kwenye somo ambalo kazi yake mojawapo ni kufundisha haya, na hakuna aliyemfundisha. Aliishia kudhaniwa mjamzito mbele ya wenzake.

Somo lilivyokuwa likifundishwa

Nilikwenda kukaa nyuma ya darasa la PE. Walikuwa 31, wasichana 7. Wengi hawakulichagua, walielekezwa huko baada ya kupata F ya Hisabati. Mwalimu aliyepewa somo amesomea Jiografia, ni mtu mwenye bidii, na alichokuwa nacho ni kitabu kimoja na chaki. Muhula mzima aliandika nukuu za historia ya Olimpiki na vipimo vya viwanja. Mtihani wa taifa wa somo hili una nadharia na vitendo, lakini uwanja wetu una mteremko, masika ukiingia ni matope matupu, na hatukuwa na tufe, kisahani wala godoro la kurukia. Wale wenye vipaji waliitwa jioni kwa ajili ya timu. Wengine walinakili.

Kwa madarasa mengine hali ilikuwa mbaya zaidi, na hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Ratiba ina kipindi cha michezo kwa kila mkondo. Kwa Kidato cha Pili na cha Nne kipindi hicho kilikuwa kimegeuzwa cha Hisabati ya ziada. Shirika la Afya Duniani linapendekeza vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kutoa jasho. Utafiti uliochapishwa 2019, kwa takwimu za nchi 146, ulikuta asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 hawafikii hapo. Wasichana ni asilimia 85. Watoto wetu wanaotoka mbali kwa miguu pengine wanafikia. Wanaokuja kwa bodaboda na daladala wanakaa kwenye dawati mpaka saa tisa, na mchakamchaka waliokimbia shule ya msingi umeishia kule.

Afya nayo imetawanyika. Kwenye muhtasari wa Bailojia ninaoufundisha, huduma ya kwanza, afya na kinga ya mwili viko Kidato cha Kwanza, lishe na mzunguko wa damu Kidato cha Pili, mwendo na mifupa Kidato cha Tatu. Stadi za maisha ziko kwenye Uraia. Kila kipande kina mwenyewe, na hakuna kipindi ambacho mwanafunzi anavikutanisha na mwili wake mwenyewe. Chukua floraidi. Maji ya chemchemi na visima vingi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia tunayaona kila asubuhi paredi. Kwa miaka mingi ya kunywa kiasi kikubwa, mifupa na viungo navyo huathirika. Kuchemsha maji hakuiondoi. Somo la afya linalofundishwa chini ya mlima huu bila kugusa jambo hilo linafundishwa kwa watoto wa mahali pengine.

Jijini humuhumu zipo shule zinazofuata mitaala ya kimataifa. Kwenye Elimu ya Viungo ya Cambridge sehemu kubwa ya alama hutoka uwanjani, na kwenye diploma ya IB kuna somo la sayansi ya michezo, mazoezi na afya ambalo huhesabiwa katika kundi la sayansi. Ada za shule hizo mama wa Tengeru hazifikii, na siziandiki hapa ili tuzionee wivu. Naziandika kwa sababu ya mpangilio: kule hakuna anayemwambia mtoto achague kati ya kuujua mwili na kuucheza.

Tulichobadilisha

Binti alipumzika wiki sita. Mama alianza kumfungia ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando asubuhi, na Jumamosi loshoro, chakula cha asili cha huku kwetu. Vyote vilikuwapo nyumbani, ila havikuwahi kuhesabiwa kama sehemu ya mazoezi. Chai ikasogezwa mbali na mlo. Daktari alimpa vidonge vya madini ya chuma. Hedhi ilirudi Agosti. Aliporudi kukimbia alianza na kilomita 3, na kila wiki mwalimu wa michezo alimuuliza maswali matatu kabla ya kumuuliza muda wake: umekula, umelala, ugoko unaumaje. Mwalimu huyo alibadilika kuliko yeyote kati yetu, na namheshimu kwa hilo.

Darasani tulikubaliana mimi na mwalimu wa PE tufundishe mada za mwili kwa pamoja. Wanafunzi walijifunza kujipima mapigo ya moyo shingoni kwa sekunde 15 na kuzidisha mara nne, kabla na baada ya kukimbia. Waliandika walichokula kwa wiki moja. Kijana mwenye pumu, ambaye siku zote alikaa chini ya mti akilinda mabegi, alielekezwa na kliniki yake kuvuta dawa kabla ya mazoezi na kupasha misuli kwa muda mrefu zaidi, na sasa anacheza mpira wa wavu. Tufe tulilipata kwa shule jirani kwa zamu. Wazazi wawili wenye trekta walisawazisha nusu ya uwanja.

Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia Tokyo kwa saa 2:09:48, akimzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu za sekunde, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Arusha, ambako anafanyia mazoezi, ilifurahi kama harusi. Wiki mbili baadaye wazazi sita walikuja kuomba watoto wao wahamishiwe PE na waachishwe sayansi. Tuliwapa hesabu ileile ya masomo, kwenye karatasi, mtoto kwa mtoto. Wawili walihama, na kwa wale wawili lilikuwa chaguo sahihi: mmoja anataka uamuzi wa soka na Fizikia hajawahi kuipenda.

Binti sasa yuko Kidato cha Nne. Fizikia yake imepanda hadi C kwenye mitihani ya ndani, Kemia imebaki palepale, PE ana B. Muda wake wa mita 1,500 haujarudi ulipokuwa 2024. Swali lililo mbele ya kamati ni kama akimbie UMISSETA mwaka huu wa mtihani. Mwalimu wa taaluma anasema asiende kabisa. Yeye anataka kwenda. Mama amesema atakubali kama daktari atamwona kwanza na kama Fizikia haitashuka. Mimi nimepiga kura upande wa mama.

Kwa bodi ya shule nimeandika ombi moja: vipindi vya michezo vya Kidato cha Pili na cha Nne virudishwe kabla hatujapokea mwanafunzi mwingine yeyote wa PE, na kila msichana aliye kwenye timu apimwe damu mwanzoni mwa muhula. Kikao ni mwezi ujao.